Mtu Mnene Hana Haki ya Kuugua?

Sisi watu wa pwani tuna jambo moja ambalo kila nikilifikiri hunishangaza. Bibi arusi akianza kunenepa tangu fungate, twamsifu. Twasema amenawiri, amepata mume mwema, nyumba yake haina njaa. Akijifungua, zile siku arubaini twamshindilia samli, supu na uji wa pilipili manga, na akitoka ndani amejaa twapiga vigelegele. Walakini siku anapoanza kushika magoti akipanda ngazi, siku sukari inapopanda na pumzi kumwishia kabla hajafika kwa jirani, sifa zote hugeuka. Sasa ni mlafi. Sasa hana subira, hakujua kuufunga mdomo wake. Unene tuliulea sote, lakini maradhi yake twamwachia peke yake, na juu ya maradhi twamwongezea aibu.

Nasema haya nikiwa na sababu. Mimi mwenyewe nimekata shauri kupasuliwa tumbo ili nipunguze uzito, na tangu habari hiyo ilipotoka nje ya chumba changu nimeambiwa maneno mengi, mengine kwa simu kutoka Mombasa na mengine hapa hapa Chekalini ninapoishi. Baadhi ya maneno hayo yana hekima ndani yake. Mengi hayana. Yote nimeyasikiliza, na sasa naomba nami nisikilizwe.

Kwa asiyeijua, Chekalini iko Lugari, katika Kaunti ya Kakamega, upande wa barabara itokayo Webuye kwenda Eldoret. Zamani za ukoloni ardhi ya huku ilikuwa mashamba ya walowezi. Baada ya Uhuru ikagawanywa, wakapewa wananchi kwa mpango wa makazi. Ni nchi ya mahindi. Msimu wa mavuno ukiingia hapana mazungumzo mengine ila gunia, bei, na mvua iliyokuja wakati si wake. Mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa. Nililetwa huku na ndoa, kwani mume wangu ni mtu wa Mumias aliyehamia Chekalini kwa biashara ya mahindi. Na msomaji wa pwani hana haja ya kuambiwa kwamba Mumias si mji mgeni kwetu. Misafara ya wafanyabiashara Waswahili ilikuwa ikifika huko kwa Wawanga tangu karne ya 19, na Uislamu ukakita mizizi mpaka leo. Mavyaa wangu alinipokea kwa kuku, na kwa Waluhya kuku ni heshima kubwa. Kumkataa kuku wa mavyaa ni kumkataa mavyaa mwenyewe.

Basi pwani nililelewa kwa wali wa nazi, mahamri kwa mbaazi na viazi vya karai, na huku nikaongezewa ugali na chai ya maziwa matupu. Nimezaa watoto wanne, na kila mmoja aliniachia kilo zake.

Mwaka juzi nilikwenda katika zahanati moja kwa sababu ya magoti na kichwa kilichokuwa kikiniuma kila asubuhi. Nikaambiwa nipande mizani. Mizani ile mwisho wake ni kilo 120. Mshale ukafika mwisho, ukasimama. Muuguzi akaguna, kisha akasema kwa sauti iliyosikika foleni nzima, "Mama, wewe labda tukupeleke ghala la mahindi." Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa maana mtu mnene hujifunza mapema kucheka kabla ya wenzake, ili kicheko kisimkute amekaa bure. Kitambaa cha kupimia presha nacho hakikunienea mkono, kwa hiyo presha yangu siku ile haikujulikana. Nikapewa vidonge vya maumivu, nikarudi nyumbani.

Ule mzaha ukageuka kweli. Jioni ile, vibarua walipokwisha kuondoka, mume wangu alinipeleka ghalani mwake akanipima juu ya mizani ya magunia. Kilo 134. Gunia la mahindi ni kilo 90. Basi mimi ni gunia moja na nusu, kasoro kilo moja. Akazima taa, akasema, "Tumeshajua. Twende nyumbani." Hakuongeza neno, na mpaka leo namshukuru kwa kutoongeza.

Kupimwa mwili bila kuulizwa hali si jambo jipya katika nchi zetu. Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke, akitafuta chimbuko la mto Nile, alifika Karagwe kwa mfalme Rumanika, sehemu ambayo leo imo katika mkoa wa Kagera, Tanzania. Alifuatana na watu wa pwani, akina Sidi Mubarak Bombay. Huko akakuta wake wa jamaa ya mfalme wakinenepeshwa kwa maziwa, mmoja mpaka hawezi kusimama, kwa kuwa huo ndio uliokuwa uzuri wa kikubwa. Speke akatoa utepe akampima mmoja wao mkono, kifua, paja na shavu la mguu, na vipimo hivyo akavitia katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1863. Vinasomwa hadi leo. Sijui nani alimpa yule mama mkono wa kuinukia.

Nimemtaja yule mama wa Karagwe kwa sababu huwaona watu wengi wakidhani unene ni jambo la juzi, lililoletwa na soda na chipsi. Chipsi zimezidisha, sikatai. Lakini kumnenepesha mwanamke ili aonyeshe utajiri wa mume wake ni mila ya kale, huku bara kama kule pwani, na hata Mauritania, jangwani, wasichana wamekuwa wakilazimishwa kunywa maziwa kwa mabakuli. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015, watu wazima 27 katika kila 100 walikutwa uzito wao umezidi kiasi au umefika kuwa maradhi. Kwa wanawake peke yao idadi ilipita 38 katika kila 100. Kwa wanaume ilikuwa zaidi ya 17 tu. Wanawake ni zaidi ya mara mbili ya wanaume. Sisi ndio walafi, au sisi ndio tunaoshindiliwa?

Nirudi kwangu. Uzito wenyewe, wa nyama na mafuta, mtu huuzoea. Usiozoeleka ni yale yanayokwenda nao. Katika matatu ya kwenda Eldoret makanga hunitoza nauli ya watu wawili, na abiria hutazama dirishani. Harusini natafuta kwanza kiti cha mbao kabla sijamtafuta bibi arusi. Msikitini ninaswali juu ya kiti, na sijda, ambayo ndiyo niliyoipenda kuliko yote katika swala, naiashiria tu kwa kichwa. Miaka mitatu sikwenda Mombasa kwa harusi yoyote, hata ya binti wa halati yangu. Nilisema barabara ni ndefu. Lakini lililonivunja halikuwa hayo. Mwanangu wa tatu alirudi na barua ya mkutano wa wazazi, akaiweka mezani, akasema bila kunitazama, "Mama, si lazima uje. Baba anatosha." Ana miaka kumi na moja. Nilikwenda jikoni nikasonga ugali ambao hakuna aliyekuwa na njaa nao.

Watu husema, kwa nini usile kidogo tu? Wanauliza kana kwamba mimi ndiye wa mwisho kulifikiri jambo hilo. Nimekunywa maji ya ndimu asubuhi miezi sita. Nimekunywa mizizi michungu. Nimeacha ugali, nimeacha wali, nimetembea kila alfajiri mpaka barabara kuu na kurudi. Mara moja nilipungua kilo 17, na mtaa mzima ukanipongeza. Katika muda wa miezi 14 zikarudi zote na tano juu yake. Ramadhani hupungua, na Shawwali hurudi.

Daktari mmoja wa Eldoret ndiye aliyekuwa wa kwanza kunieleza hili kwa utulivu. Alisema mwili hauujui uzuri wala aibu. Unachokijua ni njaa. Ukipungua, mwili hudhani nchi imeingia ukame, basi huongeza njaa na hubana matumizi. Mwaka 2011 wataalamu wa Melbourne, Australia, walitoa matokeo ya watu waliopunguzwa uzito kwa chakula kidogo: mwaka mmoja baadaye homoni zao za njaa zilikuwa bado juu kuliko zilivyokuwa kabla hawajaanza. Kwa hiyo mtu aliyepungua akihisi njaa usiku, hajitungii. Nilipotoka katika chumba kile nilikaa kwenye benchi nikalia, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza mtu mwenye elimu kuniambia kuwa mimi si mwongo.

Ni yeye aliyepima uzito wangu kwa urefu wangu. Kipimo hicho hupatikana kwa kugawanya kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kikifika 30, unene huo unahesabiwa maradhi. Changu ni 51. Nina sukari, nina presha, na usiku pumzi zangu husimama kidogo kisha zikarudi kwa kishindo, jambo ambalo mume wangu alikuwa akilijua miaka mingi akanificha nisiogope.

Upasuaji wenyewe uko wa namna mbili zinazofanywa sana. Katika namna ya kwanza daktari hukata na kuondoa sehemu kubwa ya tumbo la chakula, kiasi cha robo tatu au zaidi, akaacha mfereji mwembamba kama ndizi. Ile sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni moja ya njaa, kwa hiyo mtu hula kidogo na njaa nayo hupungua. Katika namna ya pili hutengenezwa kifuko kidogo juu ya tumbo, kikaungwa na utumbo mwembamba, chakula kikapita pembeni. Namna hii ya pili si kitu kigeni kilichobuniwa jana. Aliianza Dakta Edward Mason katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 1966. Huko Sweden watu zaidi ya 4,000 wanene walifuatwa kwa miaka mingi tangu mwaka 1987, nusu yao wamepasuliwa na nusu wametibiwa kwa njia za kawaida. Matokeo yalipotolewa mwaka 2007 ilionekana kwamba waliopitishiwa chakula pembeni walikuwa bado wamepungua kiasi cha robo ya uzito wao baada ya miaka kumi, na waliopasuliwa kwa jumla walikufa wachache kuliko wenzao. Wale ambao hawakupasuliwa uzito wao haukuondoka mahali pake.

Msomaji asinielewe vibaya. Kisu ni kisu. Katika uchunguzi mmoja wa Marekani wa mwaka 2009, kiasi cha watu 3 katika kila 1,000 waliopasuliwa walifariki kabla ya siku 30 kwisha. Mishono huweza kuvuja, damu huweza kuganda miguuni. Atakayepona hapana budi anywe madini na vitamini maisha yake yote, apimwe damu kila mara, na akila tamu nyingi kwa haraka atatokwa na jasho na moyo kumwenda mbio. Tena lipo jambo dogo ambalo madaktari hawaliandiki: sisi hula pamoja katika sinia moja. Mtu akila tonge nne akanawa, jamaa watauliza, "Vipi, umekasirika?" Itanibidi nijibu swali hilo miaka yote iliyobaki.

Yapo pia mambo yanayochanganywa na haya, na yafaa yatenganishwe. Kunyonywa mafuta chini ya ngozi ni kazi ya urembo, wala si tiba ya maradhi haya. Nairobi mwaka 2024 mwanamke mmoja alifariki baada ya kufanyiwa hivyo, na tangu hapo kila nikitaja upasuaji wangu hutajiwa yeye, Mungu amrehemu. Lipo puto linaloingizwa tumboni, ambalo watu wa Tanzania wamelizoea kulisikia tangu hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, ilipoanza kuliweka. Hilo huondolewa baada ya miezi. Na zipo sindano mpya, kama za semaglutidi, ambazo kwa kweli hupunguza, lakini mtu akiziacha sehemu kubwa ya uzito hurudi, na bei yake kila mwezi si ya nyumba inayongoja mavuno.

Sasa nije kwenye dini, maana ndipo wengi wanaponikamata. Wako wanaosema nabadili maumbile ya Mwenyezi Mungu. Na kila mtu, hata asiyejua kutawadha sawasawa, hunisomea ile hadithi aliyoipokea Tirmidhi, ya kugawa tumbo theluthi tatu, ya chakula, ya maji na ya pumzi. Naijua, na naiamini. Lakini ipo pia ile aliyoipokea Abu Daud, ya mabedui waliomwendea Mtume (S.A.W.) kumwuliza kama watafute dawa, naye akawaamuru watafute. Mbona hiyo hakuna anayenisomea? Nilimwuliza sheikh mmoja wa huku, akaniambia kwamba kubadili umbo kwa ajili ya kujipamba ni jambo moja na kuondoa madhara ni jambo jingine, na kwamba mgonjwa huwasikiliza matabibu waaminifu. Nikamwuliza na habari ya saumu, kwa kuwa miezi ya mwanzo baada ya kupasuliwa mtu hunywa maji kwa vifunda vidogo mchana kutwa na hawezi kufunga. Akasema mgonjwa ana ruhusa, atalipa akipata nguvu. Hakucheka. Hakuniuliza nilikuwa nikila nini.

Neno linaloniuma zaidi ni lile la "njia ya mkato". Shoga yangu mmoja wa Kibokoni, ambaye nampenda, alisema kwenye simu, "Wewe umechoka kujitahidi, unataka wakukate tu." Mtu akikatwa kidole tumbo kwa kuwa kimevimba, hakuna anayemwambia angejitahidi. Mwenye shinikizo la damu akinywa kidonge kila asubuhi hatumwambii ni mvivu. Kwa nini mnene peke yake hutakiwa apone kwa kutubu?

Nathubutu kusema kwamba aibu hii imeua watu kuliko kisu. Mtu huona aibu kupanda mizani mbele ya watu, basi haendi zahanati. Haendi zahanati, basi sukari haijulikani. Sukari isipojulikana, siku moja mguu hukatwa au jicho huzima, na hapo ndipo wanapokuja jamaa na mikeka ya kukalia. Wazee walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini hawakusema yule anayemlazimisha mwenziwe kuficha atafanywa nini. Serikali za kaunti zinunue mizani inayopima zaidi ya kilo 120 na vitambaa vya presha vya mikono mikubwa; si vitu vya mamilioni. Iwekwe nyuma ya pazia. Wauguzi wafunzwe kunyamaza. Na upasuaji huu, ambao kwa sasa mgonjwa kama mimi huufuata Nairobi katika hospitali za kulipia kwa mamia ya maelfu ya shilingi, uanze kuzungumzwa kama tiba, ili siku moja mama wa Lugari au wa Kisauni aupate bila kuuza kitu chake.

Sisi tumeuza. Tumeuza pikapu ya mume wangu, na msimu huu atakodi ya watu kubebea mahindi. Mavyaa alipinga kwa wiki mbili. Alisema pesa zile zingemfikisha mtoto mkubwa chuoni, na katika hilo hakukosea hata kidogo; ni hesabu ambayo nimeifanya usiku mwingi. Nilimwambia, "Mama, mtoto atahitaji karo, lakini pia atahitaji mtu wa kumwuliza kama amekula." Akanyamaza. Siku iliyofuata alikuja na fimbo yake, akakaa jikoni, akaniuliza baada ya kupasuliwa nitaweza kula kuku kiasi gani. Nikamwambia wiki za kwanza mchuzi tu, tena uliochujwa, na baadaye kipande kidogo. Akafikiri.

"Mchuzi nitakuchujia mimi," alisema. "Wasichana hawa hawajui."

Daktari wa Nairobi amenipa miezi mitatu ya matayarisho: nitembee, nionane na mshauri wa lishe na mshauri wa nafsi, nizoee kutafuna pole pole, na sukari iteremke kwanza. Mwezi wa kwanza umekwisha. Mkutano wa wazazi mwingine uko Ijumaa ijayo, na nimemwambia mwanangu kuwa nitakwenda.